Pazia la Chumba cha Mbele

Iko asubuhi moja ya Agosti, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza ya jikoni kwangu, hapa hapa Mount Druitt, Sydney, kiganja changu kimeziba mdomo wa binti yangu Divine, na watu waliovaa sare wanagonga mlango wa mbele. Divine alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa nimeshavuka hamsini, mama wa kuheshimiwa kanisani, mwenye kiti chake cha mbele, nimelala sakafuni kama gunia la viazi.

Nitakueleza tulifikaje pale. Lakini kwanza ujue kwa nini nakueleza wewe. Jumapili ulinipigia simu ukaniambia, shangazi, baridi ya huku imenishinda, nikitoka darasani nalala, nikiamka giza limeshaingia, sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Kisha ukacheka, ukasema ni uvivu tu. Mimi sikucheka. Kicheko kile nakijua, nimewahi kukisikia nyumbani kwangu, na safari hii sitakaa kimya.

Kosa langu lilianzia mbali, nikiwa msichana wa kuchumbiwa huko kwetu Burundi. Vita vilifika kwenye kilima chetu wakati wa mavuno ya maharage. Mama yangu alifunga mlango kwa gogo, akaziba dirisha kwa majani ya mgomba, akazima moto, akatuambia sheria moja tu. "Nyumba yenye giza hupitwa." Tulikaa siku tatu bila kupika wala kuzungumza. Mimi nilikuwa na kikohozi, kwa hiyo siku ya pili, wanajeshi walipopita uani mchana, mama alinilaza chini akaniziba mdomo kwa kiganja mpaka nikaona nyota. Walipita. Jirani yetu alifungua mlango ili awasalimie vizuri, na huyo hatukumwona tena.

Basi sheria ya mama niliishika kama Amri ya Kumi na Moja. Nilivuka nayo mpaka Tanzania, nikakaa nayo kambini Kigoma miaka yote ile, nikamzika nayo baba yake Divine, nikapanda nayo ndege kuja Australia nikiwa na mtoto wa miaka minne mgongoni. Sheria iliyokuokoa, nani ataitupa?

Ikaja korona. Mwaka wa kwanza tuliupita kwa kusali na kunawa mikono. Mwaka wa pili, katikati ya baridi, magharibi ya Sydney ikafungwa. Shule zikahamia kwenye kompyuta. Kanisa likahamia kwenye simu. Kutoka nje kwa ajili ya mazoezi kuliruhusiwa, kwenda dukani kuliruhusiwa, hayo nilikuja kuyajua baadaye, maana mimi nilisikia neno moja tu katika taarifa yote ya habari. Wanajeshi. Walisema wanajeshi watatembea na polisi mitaani kwetu, nyumba kwa nyumba, kuangalia kama watu wako ndani. Na siku hiyohiyo helikopta ikapita juu ya paa, chini chini, vyombo vikatetemeka kabatini.

Wahenga hawakukosea, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliinuka nikaenda chumba cha mbele nikavuta mapazia. Nikayabana na vibanio vya nguo ili usibaki hata upenyo wa kidole. Nikamwambia Divine ahamishe vitabu vyake, tangu leo tunaishi nyuma.

Sasa, wewe ni mgeni, hujaijua bado jiografia ya nyumba hizi. Huku wakati wa baridi jua hupita upande mmoja tu wa anga, upande wa kaskazini, tena kwa haraka kama mtu mwenye miadi. Nyumba yangu chumba cha mbele ndicho kinachotazama upande huo. Saa nne hadi saa nane jua lilikuwa linaingia hadi kwenye kochi, hata hita huhitaji. Chumba cha nyuma halifiki kabisa. Kuta ni nyembamba, ukiweka mkono unahisi baridi ya nje imeketi hapo hapo inakusubiri. Wiki ya pili ukungu mweusi ukaota pembeni ya dari. Wiki ya tatu nikapangusa ukungu kwa dawa, ukarudi.

Humo ndimo nilimoweka mtoto wangu asomee mwaka wake wa mwisho wa shule.

Mwanzoni alinibishia. "Mum, it's just a curtain," aliniambia, maana yeye Kiswahili anakielewa chote lakini kukijibu alikuwa hataki. Nikamjibu kwamba pazia tu ndilo lililofanya yeye akazaliwa. Baadaye akaacha kubisha, nami mpumbavu nikafurahi, nikadhani amekuwa mtii.

Mwanangu, mtoto aliyezoea kukubishia akiacha kubisha, usifurahi. Kaa chini umtazame vizuri.

Mimi sikutazama. Niliona anaamka saa tano, nikasema ujana. Niliona sahani inarudi jikoni na ugali umeguswa upande mmoja tu, nikasema amechoka na mapishi yangu. Nywele alizosukwa kabla ya kufungiwa zikafumuka, zikajisokota, akazivika kofia ya sweta ndani ya nyumba, nikasema baridi. Kwa kila dalili nilikuwa na jina tayari. Nikimuuliza, ananijibu, "I'm fine, Mum," na anacheka kidogo puani. Ndicho kicheko ulichonichekea Jumapili.

Ng'ambo ya uzio wetu alikuwa anakaa mzee mmoja wa Uvira, Kongo, Mzee Byamungu, peke yake na ugonjwa wake wa sukari. Kila siku saa sita kamili alitoa kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya mlango wake, akavaa koti, kofia na barakoa, akaketi uso umeelekea jua, macho amefumba. Anaota jua kama mjusi, nilikuwa nasema moyoni, Mungu anisamehe. Wanajeshi wakipita barabarani anawapungia mkono! Nilimwona ni mzee aliyepungukiwa.

Siku moja nilitoka mbio kuweka taka kwenye pipa, akaniwahi.

"Mama Divine, tangu hii confinement, hii kufungiwa, ianze naona rideau yako, hii pazia, imefungwa kila siku. Mutoto iko wapi?"

"Yupo ndani, Mzee. Anasoma."

"Anasoma mu giza? Umulete kwa jua. Jua ya hapa inakuja kidogo, inarudi. Ukiikosa saa sita, umeikosa mupaka kesho."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kila mtu alee wake, yeye wa kwake hata sijawahi kuwaona. Nasikia aibu kuliandika hili. Watoto wa Mzee Byamungu wawili walikufa njiani wakikimbia vita, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Yeye hakukasirika. Alinitazama tu, akarudi kwenye kiti chake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilikuwa limeshaanza kupasuka.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Jumatatu moja ikaja meseji, mwenzetu wa zamu amekutwa na korona, tuliofanya naye kazi tupimwe, kisha tusitoke nyumbani siku kumi na nne. Nilipimwa, sikuwa nayo. Lakini ile meseji ilikuwa na jina langu na anwani ya nyumba yangu. Nilijua maana yake. Sasa hawatapita barabarani tu, watakuja kwangu.

Wakaja Alhamisi asubuhi.

Niliwaona kupitia tundu la mlango, polisi mmoja wa kike na mwanajeshi mmoja, madoa ya kijani na kahawia mwili mzima, buti zilezile. Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka nimemvuta Divine kwenye kiti, nimemsukuma chini ya meza, nimejilaza juu yake nusu, nimemziba mdomo. Sakafu ilikuwa ya baridi kama chuma. Wakagonga. Wakaita jina langu, wakalitamka hovyo. Wakagonga tena, kwa nguvu zaidi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko mlango. Nilijua kabisa, mwanangu, nilijua kama ninavyojua jina langu, kwamba huo mlango ukifunguka mtoto wangu nitamkosa.

Kisha nikamtazama, nimwambie kwa macho kwamba yatapita, kama mama alivyoniambia mimi.

Nilitegemea kuona hofu. Mimi siku ile kwetu nilikuwa natetemeka hadi meno, na kwenye kutetemeka kule nilikuwa nataka kuishi, nataka sana. Divine hakutetemeka. Hakuuondoa mkono wangu. Alikuwa anatazama ubao wa meza juu yetu, pale fundi alipoandika namba kwa kalamu, na macho yake hayakuwa na hofu wala hasira wala kitu chochote. Wangevunja mlango, wasingevunja, kwake ilikuwa sawa. Nikaondoa kiganja changu mwenyewe, na mdomo wake ukabaki vilevile, umefungwa.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Wale wa nje niliwasahau.

Kugonga kukakoma. Simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, nikaiacha. Ikanyamaza. Ikalia tena, na safari hii ilikuwa Mzee Byamungu.

"Nimekuona asubuhi kwa dirisha ya cuisine, ya jikoni," alisema bila hata salamu. "Najua muko mu nyumba. Fungua."

"Mzee, ni wanajeshi," nilinong'ona.

"Ni masoda, ndiyo. Mimi pia nilikimbia masoda, tena kukupita weye. Hawa walikuja kwangu juzi, waliniuliza kama niko na dawa ya sukari. Sasa wako barabarani wanapiga simu, wanafikiri umetoroka. Usipofungua, watakuandikia faini, na itakuwa haki yao."

Akashusha sauti, akaniita kama baba anavyoita.

"Binti yangu, sikia. Kule kwetu mimi nilificha watoto wangu sababu ya masoda. Weye hapa unamuficha wako sababu ya nani? Mwezi muzima hakuna mutu amemufunga huyu mutoto. Ni weye tu."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kweli, yote ya zamani. Lakini mtoto wangu alikuwa bado amelala sakafuni pale nilipomwachia, hakuinuka hata baada ya mimi kuinuka, na hapo nikaiweka simu mezani.

Wakagonga mara ya tatu.

Kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na moja. Siku ile nilizihesabu. Kwa kila hatua mama yangu alikuwa ananivuta nguo kwa nyuma. Nilishika kitasa, mkono ukateleza kwa jasho katika baridi ile. Nikasema kwa Kirundi, mama unisamehe, nikafungua.

Kijana, mwanangu. Mwanajeshi mwenyewe alikuwa kijana mdogo, pua nyekundu kwa baridi juu ya barakoa iliyomshuka, akapiga hatua mbili nyuma haraka ili asinisogelee. Alikuwa ananiogopa mimi na korona yangu! Polisi akaniuliza maswali kwa kasi, Kiingereza changu chote kikakimbia, nikabaki nasema yes, yes, kwa kila kitu. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"She's scared of soldiers. From back home. She's not being rude."

Divine alikuwa amekuja. Kofia kichwani, soksi mbili tofauti, amesimama ukumbini. Hakuwa amesema sentensi ndefu hivyo kwa wiki tatu, na alipoisema aliisema kwa ajili ya kunitetea. Yule kijana alimtazama, akanitazama, kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alirudi nyuma hadi kwenye geti, akasimama huko, mikono ameionyesha wazi. Polisi ndiye aliyemalizia. Aliuliza kama tuna chakula, kama kuna mgonjwa, akaacha karatasi yenye namba za msaada, wakaenda nyumba ya tatu.

Nilikuwa nikiufunga mlango Divine akasema, "Leave it."

Jua lilikuwa limeingia. Mlango ule ulikuwa haujafunguliwa wazi saa kama ile kwa karibu mwezi mzima, na sasa utepe wa jua ulikuwa umelala kwenye zulia la ukumbi, mpana kama kanga, unafika karibu na miguu yake. Divine aliutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Akasogeza mguu mmoja ukaingia. Akasogeza wa pili. Akavua kofia. Nikaziona nywele zake, nikajiziba mdomo mwenyewe nisilie kwa sauti.

Nilikwenda chumba cha mbele nikang'oa vibanio vyote. Kimoja kilivunjika.

Mchana ule, na kila mchana wa karantini uliobaki, tulikaa kwenye zulia la chumba cha mbele, dirisha wazi, jua mgongoni. Nilileta kitana, mafuta na maji ya vuguvugu. Nywele zile zilikuwa zimejisokota vibaya mno, mtu mwingine angezikata. Mimi nilikataa. Nilizifumua fundo moja moja, siku tatu nzima, saa sita hadi saa nane, jua likiondoka tunaacha. Unajua mtu akikusuka hamtazamani. Yeye anatazama mbele, wewe unatazama kisogo chake, na maneno yasiyoweza kupita machoni hupita hapo. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili aliniuliza kuhusu bibi yake na lile gogo la mlangoni, nikamsimulia mambo ambayo sikuwahi kumsimulia mtu. Siku ya tatu, nikiwa nasuka mstari wa mwisho nyuma ya sikio, akasema polepole.

"Mum, every night I was hoping I wouldn't wake up."

Nilikielewa Kiingereza hicho chote, neno kwa neno. Kila siku alikuwa akilala akiomba asiamke. Chumba kimoja na mimi, kitanda hatua mbili kutoka changu, nami nikiomba Mungu atulinde na watu wa nje.

Vidole vyangu vilitaka kusimama. Nikavilazimisha viendelee kusuka, niliogopa nikisimama atanyamaza. Nikamwambia asante kwa kuniambia. Sikumwambia asali zaidi, sikumwambia awafikirie watoto wa kambini, ingawa yote mawili yalikuwa kwenye ulimi, maana ndivyo tulivyo. Mstari ulipoisha nilimpigia simu daktari wetu, siku ileile. Daktari akaomba azungumze na Divine peke yake. Nikaenda kusimama bafuni nikafungua maji yatiririke ili nisisikie, na kwa mama wa Kirundi hiyo ni adhabu kubwa, usidhani ni mchezo.

Haikuisha kwa siku moja. Alizungumza na watu wa daktari kwa miezi. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, hata jua likiwaka. Karantini ilipokwisha tulitoa viti vyetu mbele ya mlango, saa sita, tukamwamkia Mzee Byamungu kwa ng'ambo ya uzio, nami nikamwomba radhi mbele ya mtoto. Alisema, "Yamekwisha, mama," akafumba macho akaendelea na jua lake. Katikati ya Septemba mti mmoja wa mtaani kwetu ukatoa maua ya manjano, Divine akaja na tawi moja, akauliza, kwa Kiswahili, chakula kiko tayari? Nililia kwenye sufuria ya maharage. Sasa ana kazi yake na nyumba yake, na kila Juni ikifika hunipigia saa sita mchana kuniuliza swali moja. "Mama, umetoka juani?"

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na si ndefu. Baridi ya huku si ya ngozi tu, na wala si uvivu wako. Funga shati, usifunge pazia. Kila siku saa sita toka nje, hata kama hutaki, hasa kama hutaki, upe uso wako jua hata la robo saa. Kula mbele ya mtu. Tia mikono yako kwenye kazi inayoonekana ikiisha, kusuka, kuchambua mchele, chochote. Na ukiona unalala ukitamani usiamke, usilitafutie jina jingine, mwambie mtu siku hiyohiyo, kisha mwambie daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kama kuna jambo la zamani lililokuokoa, liheshimu, lishukuru, kisha lichunguze kama bado linakuokoa au sasa linakufunga. Mama yangu alisema nyumba yenye giza hupitwa, na alisema kweli. Hupitwa na wanajeshi. Hupitwa pia na jua, na jirani, na mtoto aliye ndani yake.

Mungu akupe kuamka kila siku ukiwa na hamu ya siku hiyo. Akupe jirani msumbufu kama Mzee Byamungu, apumzike kwa amani. Akufunulie mapazia yako kwa mkono wa upole kuliko alivyonifunulia mimi.

Kesho nina nafasi. Nitapanda treni hadi huko kwako Merrylands, saa sita nitakuwa mlangoni na kitana na chupa ya mafuta. Nikigonga, fungua.